Kipaza Sauti ni cha Nani? Utangazaji wa Umma na Historia ya Siasa ya Hungaria

Wahenga walinena kwamba mgala muue na haki yake umpe. Katika mijadala kuhusu vyombo vya utangazaji vya umma, methali hii aghalabu husahauliwa. Wengi hudhani kuwa redio au runinga huwa ya umma kwa sababu sheria imeiita hivyo, au kwa sababu huendeshwa kwa fedha za walipa kodi, au kwa sababu utawala wa kimabavu uliokuwa umeihodhi umekwisha kuondoka. Historia ya Hungaria, nchi ya Ulaya ya Kati yenye watu wasiofika milioni 10, yatoa ushahidi wa kutosha kwamba dhana hizo tatu zote ni pungufu.

Katika nchi hiyo kuna tukio ambalo limejirudia kwa zaidi ya karne moja na nusu. Umati wa watu, mara nyingi ukiongozwa na vijana na wanafunzi, husimama mlangoni mwa chombo cha habari ukiwa na karatasi yenye madai, na kutaka madai hayo yachapishwe au yasomwe ili nchi nzima ipate kuyasikia. Lilitokea mwaka 1848, likatokea tena mwaka 1956, kisha 1989, 2006 na 2018. Makala haya yanashikilia kwamba kipimo halisi cha chombo cha umma ni jibu ambalo watu hao hupewa mlangoni. Aidha, yanadai kwamba takriban kila utawala uliokipata kipaza sauti cha Hungaria ulikiona kuwa halali yake, ukiwamo ule ulioongozwa na watu waliowahi kuwa miongoni mwa wale waliosimama nje.

Karatasi ya kwanza

Tarehe 15 Machi 1848, Hungaria ikiwa chini ya ufalme wa Habsburg, vijana wasomi walikutana katika mkahawa wa Pilvax mjini Pest. Miongoni mwao alikuwamo mshairi Sándor Petőfi, aliyekuwa na umri wa miaka 25 tu. Walikuwa na orodha ya madai 12, na dai la kwanza kabisa lilihusu uhuru wa kuchapisha na kuondolewa kwa udhibiti wa maandishi. Waliandamana hadi kwenye kiwanda cha uchapaji cha Landerer na Heckenast, wakautwaa mtambo kwa jina la wananchi, na kuchapisha madai yao pamoja na shairi la Petőfi bila ya idhini ya mdhibiti yeyote. Siku hiyo mlango ulifunguka.

Mapinduzi yaliyoanza siku hiyo yalizimwa mwaka 1849 kwa msaada wa majeshi ya mfalme wa Urusi, lakini 15 Machi ikabaki kuwa sikukuu ya taifa. Kwa mintarafu ya mada hii, jambo la kuzingatiwa ni kwamba taifa la kisasa la Wahungaria lilijitambua mbele ya mtambo wa chapa. Si ajabu basi kwamba vizazi vilivyofuata, vilipotaka kuleta mageuzi, vilielekea kwenye chombo cha habari kabla ya kuelekea ikulu.

Katika utangazaji wa sauti vilevile Wahungaria walitangulia wengi. Mwaka 1893 mvumbuzi Tivadar Puskás alianzisha mjini Budapest huduma iliyojulikana kama Telefon Hírmondó, ambayo iliwawezesha wateja kusikiliza habari na muziki kupitia nyaya za simu, miaka mingi kabla ya kuzuka kwa redio. Redio ya taifa, Magyar Rádió, ilianza rasmi tarehe 1 Desemba 1925. Ikumbukwe kwamba Mkataba wa Trianon wa mwaka 1920 ulikuwa umeinyang'anya Hungaria kiasi cha thuluthi mbili za ardhi yake, na takriban Wahungaria milioni tatu wakajikuta raia wa nchi jirani. Kihungaria nacho hakina undugu na lugha zinazokizunguka. Jamaa yake wa mbali ni Kifini. Kwa watu wa namna hiyo, redio ilikuwa kiungo cha wasemaji wa lugha moja waliotenganishwa na mipaka.

Hata hivyo, tangu mwanzo swali lilikuwa: ni nani ahesabiwe kuwa sehemu ya wasikilizaji? Mnamo Machi 1944 majeshi ya Ujerumani ya Kinazi yaliivamia Hungaria, nchi iliyokuwa mshirika wake chini ya Miklós Horthy. Mwezi uliofuata Wayahudi wa Hungaria waliamriwa kusalimisha redio zao. Kabla ya msimu wa kiangazi kufika katikati, zaidi ya 400,000 kati yao walikuwa wamesafirishwa kwa garimoshi, wengi mno wakipelekwa Auschwitz. Waama, kumnyang'anya mtu redio si sawa na kumuua. Lakini mpangilio wa matukio hayo wafunza jambo: aliyekusudiwa kuondolewa duniani aliondolewa kwanza katika hadhira.

Oktoba 15 mwaka huohuo, Horthy aliagiza tangazo lisomwe redioni kwamba Hungaria inatafuta amani na maadui zake. Siku hiyohiyo redio ilitwaliwa, na wasikilizaji wakaanza kupokea amri za Ferenc Szálasi, kiongozi wa wafuasi wa Unazi. Katika siku moja kipaza sauti kilikuwa kimetamka vita na amani, kwa jina la taifa lilelile.

Usiku wa Bródy Sándor

Baada ya vita, Hungaria iliingia katika himaya ya Muungano wa Kisovieti. Chini ya Mátyás Rákosi redio ikawa tarumbeta ya chama kimoja. Hata hivyo, tarehe 22 Oktoba 1956 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Budapest walikutana na kuandaa orodha ya madai 16. Walidai majeshi ya Kisovieti yaondoke, uchaguzi wa vyama vingi ufanywe, na, kama walivyodai wenzao wa 1848, pawepo uhuru kamili wa maoni, wa magazeti na wa redio.

Jioni ya Oktoba 23 sehemu ya umati mkubwa uliokuwa umeandamana mjini ilielekea kwenye jengo la redio katika mtaa wa Bródy Sándor. Ombi lao lilikuwa dogo kwa kipimo chochote kile: madai 16 yasomwe hewani. Wajumbe wao waliruhusiwa kuingia, lakini madai hayakusomwa. Inasimuliwa kwamba wakuu wa redio walitoa nje gari la kurekodia ili mwanafunzi mmoja ayasome kana kwamba yanatangazwa, na kwamba hila hiyo ilifichuka pale wakazi wa majumba ya jirani walipofungua redio zao na kusikia muziki tu. Saa mbili usiku kiongozi wa chama, Ernő Gerő, alihutubia kwa lugha ya ukali iliyozidi kuwaghadhibisha watu. Kisha askari wa polisi wa siri waliokuwa wakililinda jengo waliufyatulia umati risasi. Kufikia alfajiri ya siku ya pili jengo lilikuwa mikononi mwa waasi.

Ni muhali kuyasoma matukio hayo bila ya kujiuliza swali moja. Kusoma kurasa mbili za madai redioni kungechukua dakika ngapi? Yamkini dakika kumi. Utawala uliokataa kutoa dakika hizo ulipoteza jengo zima, na baada ya siku chache ukapoteza nchi. Si kwamba mapinduzi ya 1956 yalisababishwa na redio peke yake. Yalisababishwa na miaka mingi ya magereza, njaa na uongo. Lakini ghadhabu ya miaka yote hiyo ilipotafuta pa kutokea, ilitokea pale ambapo watu walinyimwa hata kusikiwa.

Oktoba 30, redio ikitangaza kutoka studio ya jengo la Bunge, watangazaji walifanya jambo ambalo ni nadra katika historia ya utangazaji popote duniani. Walikiri mbele ya wasikilizaji kwamba kwa miaka mingi redio yao ilikuwa chombo cha uongo. Kwamba ilidanganya usiku na mchana, na katika mawimbi yote. Waliahidi mwanzo mpya. Ahadi hiyo ilidumu kwa siku tano. Alfajiri ya Novemba 4 Waziri Mkuu Imre Nagy aliwatangazia wananchi na ulimwengu kwamba majeshi ya Kisovieti yameushambulia mji mkuu. Baada yake ulisomwa mwito wa waandishi wa Hungaria wa kuomba msaada, tena kwa lugha zaidi ya moja. Muda mfupi baada ya saa mbili asubuhi redio hiyo ilinyamaza. Wahungaria wapatao 2,500 walikuwa wameuawa, na takriban 200,000 wakakimbilia uhamishoni. Nagy mwenyewe alinyongwa tarehe 16 Juni 1958.

Kimya kilichopangwa

János Kádár, aliyewekwa madarakani na vifaru, alitawala hadi mwaka 1988. Katika enzi yake runinga ilienea nchini. Magyar Televízió ilianza kurusha matangazo mwaka 1957, na baadaye ikafanya makao katika jumba la fahari la lililokuwa soko la hisa, kwenye Uwanja wa Uhuru mjini Budapest. Hadi mwaka 1989 runinga haikutangaza siku ya Jumatatu.

Utawala wa Kádár haukuwa wa vitisho vya kila siku kama ule wa Rákosi. Sera ya utamaduni, iliyosimamiwa na György Aczél, iligawa kazi za fikra katika mafungu matatu, ambayo majina yake kwa Kihungaria huanza na herufi T: zilizoungwa mkono, zilizovumiliwa na zilizopigwa marufuku. Mbinu hii ilikuwa ya werevu kuliko ile ya kufunga kila kinywa. Fungu la katikati halikuwa na mipaka iliyoandikwa, hivyo mwandishi na mtangazaji walilazimika kujikadiria wenyewe kila uchao. Mdhibiti hakuhitaji kukaa studioni maadamu kila aliyekuwamo studioni alikuwa amekwisha kumbeba kichwani. Athari za mazoea hayo ni vigumu kuziondoa kwa sheria, kwa kuwa hazikuletwa na sheria.

Tarehe 15 Machi 1989, utawala huo ukiwa unadhoofika, umati ulikusanyika mbele ya makao ya runinga. Mwigizaji György Cserhalmi alisimama kwenye ngazi za jengo hilo na kusoma madai 12, na kwa ishara jengo likatangazwa kuwa mali ya taifa. Hapakuwa na risasi. Miezi mitatu baadaye, Juni 16, Imre Nagy na wenzake walizikwa upya kwa heshima, na runinga ikaonyesha mazishi hayo moja kwa moja. Miongoni mwa wazungumzaji alikuwamo kijana wa miaka 26, Viktor Orbán, aliyedai hadharani kuondoka kwa majeshi ya Kisovieti. Sauti yake ilifika katika kila kijiji cha Hungaria kwa sababu, siku hiyo, chombo cha taifa kilikubali kuipeleka sauti ya mpinzani wa dola.

Mashujaa wagombania kipaza sauti

Msomaji atatarajia kwamba hadithi ingeishia hapo, kwa kuwa nchi ilipata uchaguzi huru mwaka 1990. Haikuishia hapo. Kilichofuata kiliitwa na Wahungaria wenyewe vita vya vyombo vya habari.

Mwaka 1990 wasomi wawili wenye kuheshimika, Elemér Hankiss na Csaba Gombár, waliteuliwa kuongoza runinga na redio kwa maafikiano ya serikali na upinzani. Haukupita muda mrefu kabla ya serikali ya József Antall kuona kwamba vyombo hivyo vinaikosoa kupita kiasi. Mwaka 1992 Antall alitaka wawili hao waachishwe kazi. Rais Árpád Göncz akakataa kutia saini. Mzozo ulifika hadi Mahakama ya Katiba. Ikumbukwe kwamba Antall alishiriki katika vuguvugu la 1956, na Göncz alihukumiwa kifungo cha maisha kwa sababu ya mchango wake katika matukio hayohayo. Wote wawili waliufahamu usiku wa Bródy Sándor vizuri kuliko mtu yeyote awezaye kuusoma vitabuni. Hata hivyo, hawakuafikiana kuhusu nani amiliki kipaza sauti ambacho damu ilimwagika kwa ajili yake.

Hankiss na Gombár walijiuzulu Januari 1993. Machi 1994, majuma machache kabla ya uchaguzi, wafanyakazi 129 wa redio walifutwa kazi. Chama kilichokuwa kikitawala kilishindwa katika uchaguzi huo. Somo lilikuwa wazi, kwamba redio iliyonyamazishwa haikumwokoa aliyeinyamazisha. Lakini waliofuata hawakulisoma.

Sheria ya utangazaji iliyopitishwa na Bunge Desemba 1995 ilijaribu kuleta suluhisho. Iliunda bodi za wadhamini ambamo serikali na upinzani wangekuwa na viti sawa. Kwenye karatasi, utaratibu huo ulikuwa wa haki. Lakini baada ya uchaguzi wa 1998 vyama vya upinzani vilishindwa kuelewana kuhusu mgawanyo wa viti vyao, na bodi zikaundwa na wateule wa upande wa serikali pekee. Fauka ya hayo, stesheni za kibiashara zilizoanza mwaka 1997 ziliwavuta watazamaji wengi. Mwaka 2002 serikali iliwaondolea wananchi mzigo wa kulipa ada ya runinga na kuubeba wenyewe. Wananchi walifurahi, na ni nani asiyefurahia kuondolewa ada? Walichokipoteza hakikuonekana mara moja: mlipaji wa chombo hakuwa tena mtazamaji nyumbani mwake, bali waziri wa fedha.

Tuhuma hizi haziuhusu mrengo mmoja tu. Wahafidhina walipokuwa madarakani walilalamika kwamba watangazaji ni mabaki ya ukomunisti. Wasoshalisti nao walipotawala walishutumiwa kwa kuwapendelea wenzao. Kila upande ulipokuwa nje uliililia haki, na ulipoingia ndani ukaisahau. Kwa hakika, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Uongo wa asubuhi na wa usiku

Septemba 17, 2006, Magyar Rádió ilirusha kanda iliyovuja ya hotuba ambayo Waziri Mkuu Ferenc Gyurcsány alikuwa ameitoa mwezi Mei katika kikao cha faragha cha chama chake huko Balatonőszöd. Katika kanda hiyo alisikika akikiri kwamba walidanganya asubuhi, usiku na jioni ili kushinda uchaguzi. Wahungaria wengi walikumbuka mara moja kukiri kwa redio mwaka 1956. Tofauti ilikuwa kwamba watangazaji wa 1956 walikiri mbele ya watu, ilhali kiongozi wa 2006 alikiri akiamini watu hawasikii. Kwa kuitangaza kanda hiyo, redio ya umma ilitenda kile hasa kinachoifanya iwe ya umma.

Usiku wa Septemba 18 umati wenye hasira ulifika kwenye makao ya runinga katika Uwanja wa Uhuru. Nao walikuwa na karatasi: walitaka tamko lao la kudai Waziri Mkuu ajiuzulu lisomwe hewani. Walipokataliwa walilivamia jengo, magari yakachomwa moto, polisi wengi wakajeruhiwa, na runinga ikakatika kwa muda.

Haifai kuwalinganisha kijuujuu watu hao na wanafunzi wa 1956. Wa kwanza walikabili utawala wa chama kimoja uliowafyatulia risasi; hawa waliishi katika nchi yenye mahakama, magazeti huru na uchaguzi, na baadhi yao walikuwa wahuni waliokuja kupigana. Kulitwaa jengo la umma kwa mawe si kulirejesha kwa umma, bali ni kubadilisha mwizi. Pamoja na hayo, tukio lilionyesha kwamba baada ya miaka 16 ya demokrasia mlango ule haukuwa umeota mazoea ya kufunguka kwa utaratibu.

Kutoka kijana wa 1989 hadi mlango wa 2018

Mwaka 2010 chama cha Fidesz chini ya Viktor Orbán kilipata thuluthi mbili za viti vya Bunge. Kabla ya mwaka kwisha, sheria mpya za vyombo vya habari zilikuwa zimepitishwa. Baraza la Vyombo vya Habari lilipewa wajumbe watano wa kipindi cha miaka 9, wote wakiwa wamependekezwa na chama tawala. Mali na wafanyakazi wa redio, runinga na shirika la habari MTI waliwekwa chini ya mfuko mmoja, MTVA, na habari za vyombo vyote hivyo zikaanza kutayarishwa mahali pamoja. Mamia ya wafanyakazi walipoteza kazi mwaka 2011. Isitoshe, habari za MTI zikatolewa bila malipo, hivyo vituo vidogo visivyo na fedha za kuajiri waandishi vikawa vinasoma kilichoandikwa katika chumba kimoja cha Budapest.

Desemba 21, 2010, mtangazaji Attila Mong wa redio ya umma alikaa kimya hewani kwa dakika moja kupinga sheria hizo. Alisimamishwa kazi. Ni kejeli ya aina yake kwamba katika redio iliyowahi kukiri makosa ya maneno yake, kosa la kuadhibiwa safari hii lilikuwa kunyamaza. Mwaka uliofuata baadhi ya wafanyakazi wa runinga waligoma kula baada ya sura ya aliyekuwa Rais wa Mahakama Kuu kufutwa katika picha za taarifa ya habari.

Desemba 2018 Bunge lilipitisha sheria iliyowaruhusu waajiri kudai hadi saa 400 za kazi ya ziada kwa mwaka. Maandamano yakazuka, na Desemba 16 umati ukaelekea kwenye makao ya MTVA katika mtaa wa Kunigunda. Wabunge wa upinzani waliingia ndani wakiwa na madai matano, mojawapo likiwa vyombo huru vya umma, wakaomba yasomwe hewani. Hayakusomwa. Asubuhi yake wabunge wawili, Ákos Hadházy na Bernadett Szél, walitolewa nje kwa nguvu na walinzi. Wabunge waliochaguliwa na wananchi walitupwa nje ya chombo kinachoendeshwa kwa fedha za wananchi.

Baada ya hapo ushahidi ulizidi kulundikana. Mwaka 2020 zilifichuliwa kanda ambamo mhariri mmoja wa runinga ya umma alisikika akiwaeleza wafanyakazi, kabla ya uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa 2019, kwamba taasisi hiyo haiungi mkono muungano wa upinzani. Aliyezifichua kanda hizo ni idhaa ya Kihungaria ya Radio Free Europe, ambayo wakati wa ukomunisti ilitangaza kutoka Munich, ikafungwa mwaka 1993 kwa kuonekana kwamba haihitajiki tena, kisha ikafunguliwa upya mwaka 2020. Katika kampeni za uchaguzi mkuu wa 2022, Péter Márki-Zay, mgombea wa uwaziri mkuu wa vyama vya upinzani vilivyoungana, alipewa dakika tano katika runinga ya umma. Alizitumia kwanza kueleza kwamba hizo ndizo dakika zake zote. Oktoba 5, 2024, Péter Magyar, kiongozi wa chama cha Tisza, aliwaongoza maelfu ya watu hadi kwenye makao yaleyale ya MTVA. Umati ulikuwa umerudi mlangoni.

Maana ya umma

Wanaotetea hali hiyo hutoa hoja mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba serikali iliyochaguliwa na wengi ndiyo sauti ya umma, kwa hiyo chombo cha umma kikisema na serikali kinasema na umma. Hoja hii inachanganya dola, serikali na umma. Neno la Kihungaria linalotumika kwa utangazaji wa umma huanza na köz, neno lenye maana ya kilicho cha wote. Lakini köz lina maana nyingine pia: nafasi iliyo kati ya vitu viwili. Maana hizi mbili zinafaa kusomwa pamoja. Kilicho cha wote ni kile kilicho kati yao, ambacho hakuna upande mmoja uwezao kukihamishia kwake bila ya kukiharibu. Aliyepiga kura dhidi ya serikali hulipa kodi ileile. Naye ni umma.

Hoja ya pili ni kwamba katika zama za intaneti kila mtu ana mahali pengi pa kupata habari, kwa hiyo hapana haja ya kuhofia chombo kimoja. Kama hali ingekuwa hivyo, isingeelezeka kwa nini chombo hicho kitengewe na Bunge zaidi ya forinti bilioni 100 kwa mwaka, kama ilivyofanyika mwanzoni mwa miaka ya 2020, wala kwa nini pawepo juhudi kubwa ya kuamua nani asionekane humo. Mzee wa kijijini anayefungua redio ya Kossuth saa kumi na mbili asubuhi haitafuti habari, habari humfuata. Huyo ndiye anayeibiwa.

Hitimisho

Tajriba ya Hungaria yaonyesha kwamba kubadilisha watawala hakukitoshi chombo cha umma. Watawala wamebadilishwa mara nyingi, tena baadhi yao kwa damu, na kila mara mmiliki mpya wa kipaza sauti alikuta kiti cha mwenziwe kina joto na akakikalia. Panahitajika mambo matatu. Kwanza, fedha za chombo zisitegemee hisani ya serikali iliyopo. Pili, wakuu wake wateuliwe kwa njia ambayo hakuna upande mmoja uwezao kuimaliza peke yake, na upinzani nao usijinyime nafasi kwa ugomvi wa viti kama ilivyotokea baada ya 1998. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, haki ya mpinzani kusikiwa iwekwe kuwa kanuni ya kila siku, isisubiri huruma ya mhariri wala kishindo cha umati.

Atakayeshika hatamu Budapest, awe wa mrengo gani, atakabiliwa na jaribu lilelile. Atakuta studio, mitambo na wafanyakazi waliozoea kumtii aliyetangulia, na atashawishika kuamini kwamba utiifu huo sasa ni haki yake kwa kuwa yeye ni mwema. Siku atakapokuja mtu asiyempenda, akiwa na karatasi mkononi, na kuomba isomwe, ndipo itakapojulikana kama redio ile imekuwa ya umma. Wanafunzi wa 1956 waliomba dakika chache tu. Deni hilo bado halijalipwa kikamilifu.